Kijana Anayeaga Si Aliyepotea

Mwambie mzazi wa Miritini kwamba mwanawe anataka kufunga safari na wenziwe watatu, waende nchi ya watu, wapige hema kondeni siku nne mchana na usiku, na yote hayo kwa ajili ya kusikiliza magitaa yanayonguruma kama matrela ya barabara kuu ya Nairobi. Hatangoja umalize. Atauliza kama kijana amerogwa, au amejiunga na waabudu shetani, au ni bangi iliyompanda kichwani. Kijana naye, kwa kuwa alilijua jibu hilo tangu zamani, hatauliza kitu. Ataaga kwamba anakwenda kwa mjomba wake Voi, kumbe keshokutwa yuko mpakani Malaba na begi mgongoni.

Hapo ndipo penye jambo tunalotaka kulizungumza leo. Muziki wenyewe mtu aweza kuupenda au kuuchukia, na masikio hayalazimishwi. Lakini safari ya siri ni jambo jingine. Kijana aliyekwenda kwa siri akiugua hana wa kumpigia simu. Akiibiwa nauli ya kurudia hawezi kusema yuko wapi. Akikamatwa, wazazi wake ndio watakaokuwa wa mwisho kujua. Ni maoni yetu kwamba siri hiyo hutengenezwa na watu wawili, kijana anayedanganya na mzazi asiyesikiliza, na kwamba dawa yake iko mikononi mwa wote wawili.

MUZIKI WA WATU WA VIWANDANI

Yafaa kwanza tukijue kitu tunachokiogopa. Muziki huu uitwao hevi metali haukutoka kuzimu. Ulitoka Birmingham, mji wa viwanda nchini Uingereza, kwa watoto wa wafanyakazi. Bendi ya Black Sabbath iliundwa huko mwaka 1968, na sahani yake ya kwanza ya santuri ilitoka Februari 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa kijana wa miaka 17 akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kubonyezea nyuzi. Mwingine angeliweka gitaa chini. Yeye aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vijikofia vya kuvika vidole, na baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize. Nyuzi zilipolegea sauti ikashuka, ikawa nzito, na uzito ule ndio ulioenea dunia nzima.

Watu wa Changamwe na Miritini hawahitaji kufafanuliwa sana habari hii. Hapa ni mahali pa reli, makontena, magereji na moshi wa matrela. Hapa palikuwa na mitambo ya kusafisha mafuta iliyofanya kazi toka 1963 hadi 2013. Mtu aliyeshinda kutwa katikati ya kelele za vyuma, jioni akapenda muziki wenye sauti ya chuma, hana la ajabu. Ametafuta ngoma inayofanana na siku yake.

Wala si muziki wa Wazungu peke yao tena. Nairobi imekuwa na bendi zake, kama Last Year's Tragedy na Parking Lot Grass. Nchini Botswana bendi ya Overthrust, inayotoka mji wa Ghanzi kando ya jangwa la Kalahari, ilisafiri hadi Ujerumani mwaka 2016 ikapiga katika tamasha kubwa la Wacken. Na hapa kwetu Kenya vijana wawili, Martin Kanja na Sam Karugu, waliunda kundi la Duma, wakatoa albamu Agosti 2020 iliyosikilizwa hata Ulaya.

Huyu Martin Kanja, ambaye jukwaani hujiita Lord Spikeheart, ana habari inayostahili kusikiwa na kila mzee anayekasirishwa na nywele ndefu. Yeye hujitambulisha kuwa kitukuu wa marehemu Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyepewa cheo cha Fildi Mashali. Bibi huyo alitoka msituni na nywele zake za misokoto, akakaa nazo miaka na miaka baada ya uhuru, mpaka Aprili 2022 alipokubali zikatwe, na aliyemkata ni Mama Ngina Kenyatta. Alifariki Septemba 2023. Mwaka uliofuata Kanja alitoa albamu yake iitwayo The Adept, akamkumbuka bibi yake kwayo. Basi anayesema kwamba kila mwenye nywele ndefu na sauti ya ukali amekana asili yake, na aitazame habari hii mara ya pili.

TULISHAPITA HAPA

Wazee wetu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini mkuu naye yampasa kukumbuka alikopita.

Katika miaka ya 1890 na kuendelea, vijana wa Pwani, Lamu na Mombasa, walizua ngoma iitwayo beni. Jina tu lilitoka katika neno bendi. Walichukua tarumbeta na ngoma kubwa za Wazungu, wakavaa sare za kijeshi, wakajipa vyeo vya Jenerali na Kanali, wakaandamana njiani. Mombasa ikagawanyika kati ya Kingi na Sikochi, kila upande ukitaka kumshinda mwenziwe kwa mavazi, kwa kishindo na kwa karamu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza askari na wapagazi waliibeba ngoma hiyo hadi Tanganyika na mbele yake, ikaenda na majina ya Marini na Arinoti. Wamisionari waliichukia. Waungwana na watu wa dini wengi walilalamika kwamba vijana wanaiga wageni, wanapoteza mali, wanakesha ovyo, hawaheshimu mtu.

Msomaji atasikia kwamba mashtaka ni yale yale. Fulana nyeusi zenye mafuvu ya kichwa zimechukua nafasi ya kofia za makanali. Gitaa limechukua nafasi ya tarumbeta. Na beni ile iliyolaaniwa, leo wataalamu wanaiandikia vitabu, nasi twaitaja kwa fahari kuwa ni utamaduni wetu. Hatusemi kwamba kila kinacholaaniwa leo kitasifiwa kesho. Twasema tu kwamba kelele na mavazi si ushahidi wa kutosha wa kumhukumu kijana.

Kusafiri ukalale ugenini kwa ajili ya mkusanyiko nako si jambo jipya Pwani. Kila mwaka watu hufunga safari kwenda Lamu kwenye Maulidi, wakalala kwa jamaa, wakalala barazani, wakala sinia moja na watu wasiowajua. Hatuilinganishi ibada na ngoma, kila moja ina mahali pake. Tunachokitaja ni ile safari, kwamba mtu huwajua wenziwe vizuri zaidi akilala nao mahali pamoja na kugawana nao chakula. Vijana wanne katika hema moja, mmoja akipika chai, mmoja akilinda mabegi, mmoja akimfunika aliyeshikwa na homa, wanajifunza jambo ambalo hawawezi kujifunza kwa kutumiana picha kwenye simu.

KIJIJI CHA NG'OMBE

Sasa na tuitazame Wacken yenyewe, maana ndiyo Makao Makuu ya watu hawa. Wacken ni kijiji cha wakulima kaskazini ya Ujerumani, chenye watu kiasi cha elfu mbili. Tukikiweka Miritini kingekuwa mtaa tu. Mwaka 1990 vijana wawili wa pale, Thomas Jensen na Holger Hübner, walipanga onyesho la bendi sita, wakaja watu wapatao 800. Leo, kila mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, huja watu 85,000, na kuna miaka ambayo tikiti ziliisha kwa saa chache. Malisho ya ng'ombe hugeuka mji wa mahema.

Wanakijiji walifanya nini? Wangeweza kufunga milango na kuwaita polisi. Badala yake wakulima walikodisha mashamba yao, akina mama wakauza chai ya asubuhi na mikate mbele ya nyumba zao, watoto wakavuta mizigo ya wageni kwa vigari vya mkono wapate senti mbili tatu. Hata kanisa la kijiji huwafungulia milango wenye fulana nyeusi. Na jambo lililotufurahisha kuliko yote ni kwamba katika ufunguzi wa tamasha bendi ya matarumbeta ya wazima moto wa kijiji, watu wazima waliovaa sare zao, hupanda jukwaani kuwapigia wageni. Mtu wa Mombasa akiiona atasema bila kusita: beni!

Somo la Wacken ni hilo. Vijana wawili waliwaambia wazee wao wanachotaka, wazee wakaweka masharti, wakakubaliana. Muziki uliokaa wazi mbele ya wazazi ulipata vyoo, ulipata zahanati, ulipata wazima moto. Ungefukuzwa, ungekwenda kupigwa mahali pa gizani pasipo na lolote kati ya hayo.

Lakini tuseme kweli: njia ya kwenda Wacken ni ndefu kwa mtoto wa Miritini. Tikiti peke yake imepita yuro 300. Ada ya viza ya Ulaya ilipandishwa Juni 2024 ikawa yuro 90, na ukinyimwa viza fedha hizo hurudishiwi. Ongeza nauli ya ndege, ongeza taarifa ya benki ambayo kijana wa vibarua hana. Kwa wengi wetu itabaki ndoto, na si dhambi mtu kuota.

JIRANI YETU JINJA

Safari iliyo karibu ni ya Jinja, Uganda, penye chanzo cha Mto Naili. Tangu mwaka 2015 hufanyika huko tamasha ambalo jina lake mtu wa Pwani hawezi kulitamka mbele ya mkwewe: Nyege Nyege. Waganda wanatuambia kwamba katika Kiganda maana yake ni hamu ya ghafla ya kucheza isiyozuilika, nasi tuwaamini. Tamasha hilo si la hevi metali peke yake. Humo mna muziki wa kila namna, wa jadi na wa mitambo. Lakini kampuni ya muziki ya watu hao hao ndiyo iliyotoa albamu ya Duma, na watu hulala mahemani karibu na maji kama wafanyavyo Wacken.

Huko nako hofu ya wakubwa ilifika. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku, kisha likaruhusiwa. Mwaka 2022 ubishi ukaingia Bungeni, na mwisho likafanyika Septemba kwenye maporomoko ya Itanda, kwa masharti. Twaona katika habari hiyo kwamba marufuku hayakufaulu mara zote mbili, ila masharti yalikubalika.

Na safari ya Jinja inaanzia mlangoni petu. Stesheni ya reli mpya iko Miritini tangu mwaka 2017. Kijana hupanda treni hapa, hushuka Nairobi baada ya saa tano au sita, hushika basi la Malaba au Busia. Tangu mwaka 2014 Mkenya aweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa, bila pasipoti. Nauli ya treni ya daraja la kawaida ilipanda Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, lakini bado kijana mwenye kibarua huweza kuidunduliza. Yaani mzazi anayedhani kwamba ng'ambo ni mbali na ajue kuwa ng'ambo iko kiasi cha kilomita elfu moja tu kutoka jikoni pake, na mwanawe analijua hilo.

HATARI ZA KWELI

Tukiisha kuziweka kando hofu za uongo, tuzitazame za kweli, maana zipo.

Msongamano huua. Agosti 1988, kule Donington Uingereza, katika tamasha la Monsters of Rock, vijana wawili walikanyagwa wakafa katika matope mbele ya jukwaa. Juni 2000, kule Roskilde Denmark, watu tisa walikufa kwa kubanwa wakati bendi ya Pearl Jam ikipiga. Hakuna aliyewaua kwa makusudi. Watu wa nyuma walisukuma, wa mbele wakaanguka, na kelele ikazuia kilio kisisikike.

Mvua nayo haina adabu. Wacken, Agosti 2023, mashamba yaligeuka tope hata milango ikafungwa, na maelfu waliokuwa na tikiti mkononi wakaambiwa wageuze magari warudi. Walirudishiwa fedha za tikiti, lakini nani aliwarudishia za njiani?

Masikio ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni mwaka 2022 kwamba sauti katika kumbi na matamasha isizidi wastani wa desibeli 100, na kwamba watu wapewe vizibo vya masikio na mahali tulivu pa kupumzikia. Kijana anayerudi akisema masikio yanavuma siku tatu asichekwe. Masikio yakiharibika kwa kelele hayarudi kama zamani, yawe yameharibiwa na gitaa, na spika za harusi, au na honi za matatu zetu.

Tena kuna ulevi, kuna dawa za kulevya, kuna kinywaji anachokupa mtu usiyemjua. Miritini haihitaji kufundishwa habari ya dawa za kulevya. Misiba ya jambo hilo tumeizika wenyewe, na walioipata hawakuhitaji kwenda tamasha lolote. Ilikuja ikawakuta kwenye kona ya mtaa.

MASHARTI, SI MARUFUKU

Kuna msemo kwamba mtoto akililia wembe mpe. Sisi hatuupendi msemo huo hapa. Mtoto akililia wembe mfundishe kuushika, na ukae naye.

Basi kijana anayetaka kwenda na aage, tena mapema, wala si usiku wa kuondoka. Awataje anaofuatana nao kwa majina, aache na nambari zao za simu. Nauli ya kurudia aitenge mbali na fedha za matumizi, asiiguse hata njaa ikimshika. Akifika, yeye na wenziwe wachague alama ya kukutania, mti au mnara, kwa sababu mahema elfu usiku yanafanana. Na asiwepo anayekwenda peke yake, hata kama ni chooni. Abebe koti la mvua, vizibo vya masikio na dawa zake. Mwenye kuchunga halali na aulize nyama kabla ya kuila, si baada. Watu wakianza kubanana mbele ya jukwaa, aondoke kabla hajazingirwa. Wimbo utasikika hata ukiwa nyuma.

Hayo twawaambia wavulana na mabinti sawasawa. Tunajua kwamba wazazi wengi watamwachia mtoto wa kiume, wa kike wamfungie. Lakini binti aliyefungiwa akapata upenyo huenda peke yake, na aliyeruhusiwa huenda na wenziwe. Mzazi mwenye busara ataona lipi lililo salama.

Mzazi naye ana sharti lake, na ni moja tu, ila ni zito. Simu ikilia saa nane za usiku kutoka ugenini, jambo la kwanza liwe msaada. Karipio lingoje kijana afike nyumbani, aoge, ale. Kijana akijua kwamba simu yake itapokewa kwa matusi, hatapiga, na huko kutopiga ndiko kunakoua.

La mwisho twawaambia viongozi wetu wa Miritini na Jomvu nzima. Kila siku mamia ya wageni hushuka stesheni hapa, wakakimbilia matatu za mjini, na hakuna anayegeuza shingo kuitazama Miritini. Tumekuwa mlango ambao watu huupita bila kubisha hodi. Kijiji cha ng'ombe kule Ujerumani, kisicho na bahari wala minazi, kimejipatia jina duniani kwa kuwasikiliza vijana wake wawili. Sisi tuna reli, tuna barabara, tuna vijana wenye vipaji vya bango, vya chakacha, vya kufoka, na hata vya hilo gitaa la kunguruma. Uwanja mmoja wa shule, siku moja ya Jumamosi, kwa saa zinazojulikana, polisi wawepo wa kulinda na si wa kufukuza, mama lishe wapange meza zao za viazi karai na mishikaki. Je, hilo litatushinda?

Kila kizazi huja na ngoma yake, na kila ngoma mpya huonekana na wazee kuwa ndiyo itakayovunja mji. Mji bado umesimama. Kinachovunja nyumba ni mtoto kumwogopa mzazi kiasi cha kutomwambia anakokwenda. Kwa hiyo kijana akija na begi lake, akasema, "Baba, Mama, nataka kwenda, na hawa ndio ninaokwenda nao," mvuteni kiti akae, mumsikilize. Mnaweza kumkatalia, hiyo ni haki yenu. Lakini mjue kwamba huyo aliyesimama mbele yenu akiaga bado ni wenu.